Simbi ya Shangazi

Sura ya Tisa

Marehemu Egbert hata kaburi lake lilikuwa halijafikia kiuno cha mchimbaji, na tayari petroli ya kumchomea Adelgunda ilikuwa imeshanunuliwa.

Sajenti Sperancia aliiona pale barabara ya Isingiro inapochepuka kuingia migombani. Ilikuwa kwenye dumu la njano lililofungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki ya Melkiory, kiongozi wa vijana wa bodaboda. Hawakulificha. Lilikuwa limekaa pale kama abiria aliyelipa nauli yake.

"Hilo dumu ni la nini?"

"La petroli, afande."

"Harufu naijua. Nakuuliza ya nini."

"Ya shughuli." Melkiory alivua kofia kwa heshima zote. "Lakini msihofu. Sisi si watu wa fujo. Tunasubiri kwanza mzee azikwe. Kuchoma mtu kabla ya mazishi ni utovu wa adabu."

Vijana waliokuwa nyuma yake hawakucheka, na hilo ndilo lililomtia baridi Sperancia. Vijana wa bodaboda hucheka hata wakianguka na mkungu wa ndizi kichwani. Hawa walikuwa kimya, kila mmoja na simu yake, wakisikiliza tena ile sauti iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji tangu jana: *Bibi wa simbi amemnyonga Egbert akiwa amelala. Simbi zimetembea zenyewe usiku.*

Kweli iliyokuwapo ilikuwa fupi kuliko sauti hiyo. Egbert, mnunuzi wa kahawa, alikutwa jana asubuhi amekufa kwenye kochi la sebule yake. Shingoni alikuwa na kidani cha harusi, safu mbili za simbi, zile kauri nyeupe za baharini, zimekazwa mpaka vinywa vya simbi vyenye meno vikaacha alama ngozini. Kidani kilikuwa kazi ya Adelgunda. Hakuna mwingine upande huu wa Kyerwa anayevitengeneza.

"Afande," alisema Konstebo Benjamin walipokwisha kuwapita, "tumwombe huyo bibi apande gari tu, twende naye Nkwenda. Mengine tutayajulia huko."

"Tukimpakia leo bila jibu, kesho watasema polisi wamethibitisha. Nyumba itaungua, na siku atakayoachiwa ataungua yeye."

"Na gari la msaada?"

"Liko njiani."

"Njia gani?"

Benjamin alikuwa dereva mzuri, ila alikuwa na kasoro moja: aliogopa uchawi. Ule mfuko wa nailoni wenye kidani alikuwa ameubeba kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye unga.

* * *

Mlango wa Adelgunda ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasugua mgongo wa simbi juu ya jiwe, kwa maji na mchanga, akizungusha kidole gumba taratibu. Simbi hazishonwi zikiwa na nundu. Lazima zisuguliwe upande wa mgongo mpaka zitoboke na kulala bapa. Chumba kizima kilinuka chumvi na samaki wa zamani, harufu ya bahari ambayo bibi huyo hajawahi kuiona. Simbi zilimjia kwa basi mpaka Omurushaka, ndani ya gunia, kutoka Pwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kunikamata? Kama ni kununua, vua viatu. Kama ni kukamata, usivue, utachelewa."

Sperancia alivua. Benjamin alibaki na vyake, na akabaki mlangoni.

"Vijana wana petroli, mama."

"Nimeisikia harufu. Upepo unatoka kwao." Mkono wake haukuacha kusugua. "Nikimbilie wapi kwa magoti haya? Nikikimbia watasema nimepaa."

"Wanasema ulimtisha Egbert sokoni Nkwenda."

"Aliukanyaga mkeka wangu na viatu vyake vya matope, akasema nauza mifupa ya wachawi. Nikamwambia, iko siku utazivaa."

"Mama!"

"Binti yake anaolewa! Baba wa bibi harusi huvalishwa simbi mkononi. Nilimaanisha hiyo. Ila nikikasirika sina muda wa kufafanua."

Benjamin alikohoa. Sperancia akauchukua mfuko kutoka vidoleni mwake, akauweka mkekani.

"Hiki ni chako?"

"Ni changu. Cha Vero, binti wa Egbert. Nimekifunga kwa nailoni ya wavuvi wa sangara, haikatiki hata ukivuta ng'ombe." Kisha akausukuma mfuko mbali kidogo, maana alisikia alichokisema.

"Kiliondoka lini hapa?"

"Jumamosi. Alikuja kukichukua Placidia, dada wa Egbert."

"Placidia ameapa kwamba hukumpa. Anasema mpaka Jumapili kilikuwa bado kwako."

Jiwe lilinyamaza. Adelgunda alimtazama kwa mara ya kwanza, na Sperancia akaona kwamba ule utani wote ulikuwa ni kizibo tu cha chupa. Chini yake kulikuwa na hofu nzito.

"Placidia amesema hivyo? Tulipata kipaimara siku moja."

"Kuna aliyemwona akikichukua?"

"Migomba."

Kwa upande wa sheria, migomba haijawahi kutoa ushahidi unaoeleweka. Sperancia akainuka, akazunguka chumba. Mikebe ya siagi ilipangwa kwa ukubwa wa simbi. Ukutani vilining'inia vidani vitatu na taji moja la bibi harusi. Akavitazama kimoja kimoja, halafu akarudi mwanzo akavitazama upya.

"Mbona kila kimoja kina pengo?"

Ilikuwa kweli. Katikati ya kila kidani, mahali panapokaa kooni, palikosekana simbi moja.

"Hilo pengo si langu," alisema Adelgunda. "Ni la shangazi. Bibi harusi huku kwetu hakabidhiwi kwa mdomo. Shangazi yake ndiye anayefunga simbi ya mwisho, kisha tunasema mtoto amefungwa salama. Mimi nikiijaza, nimejifanya mzazi wa mtoto nisiyemzaa."

Kwao Muleba Sperancia hakuwahi kulisikia jambo hilo. Alirudi kwenye mfuko. Kidani cha shingo ya Egbert hakikuwa na pengo. Simbi zote zilikuwapo, na ile ya kati haikushikwa kwa nailoni. Ilishikwa kwa uzi laini wa rangi ya zambarau. Jana Koplo Dastan aliuona uzi huo, akasema, "Hiki kilikatika kikarekebishwa," na wenzake wote wakakubali, kwa sababu wote walikuwa wanaume na wote walikuwa na njaa.

"Kwa hiyo shangazi alishakifunga," alisema taratibu.

"Ndiyo, waitu, mwanangu."

"Au ulikifunga wewe mwenyewe juzi, ili uje uniambie hadithi hii."

Bibi akatabasamu bila furaha. "Naweza. Vidole ninavyo. Huo uzi ndio sina."

Ng'ambo ya bonde ngoma ya kanisa ilipigwa. Padri alikuwa amefika.

* * *

Neno la mtuhumiwa ni kama ndizi mbichi, huli mpaka uipike. Sperancia alihitaji kidani kingine kilichokwisha kuvaliwa, kwenye nyumba isiyo na ugomvi na mtu. Nyumba ya jirani ilikuwa ya Nikuze, aliyeolewa mwaka juzi. Walimkuta anafungasha nguo za mtoto kwenye beseni.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa mama, mpaka kesho. Paa langu ni la nyasi na liko karibu na la bibi." Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Moto haujui mpaka wa kibanja."

"Kidani chako cha harusi kiko wapi?"

Nikuze alishangaa, lakini akakitoa chini ya godoro. Safu mbili za simbi, nailoni ya wavuvi. Na katikati, simbi moja imeshikwa kwa uzi wa sufu wa rangi ya chungwa.

"Huu uzi ulitoka wapi?"

"Kwenye sweta la shangazi yangu. Aliuchomoa mbele yetu wote, sweta likaanza kufumuka, tukacheka mpaka tukalia. Lazima utoke kwenye nguo aliyovaa. Uzi wa dukani haumjui mtoto."

"Ukikatika?"

Nikuze alikichukua kidani upesi kutoka mikononi mwake. "Usitamke, afande. Ukikata uzi wa shangazi umekata uzazi."

Nje, Benjamin alipiga hesabu zake kwa sauti. "Basi tutafute nguo ya zambarau. Afande, nusu ya wanawake wa wilaya hii wana nguo ya zambarau. Umoja wa akina mama wa parokia nzima, sare yao ni zambarau!"

"Sisemi nguo yoyote. Natafuta iliyochomolewa uzi."

"Utawakagua mapindo msibani?"

"Endesha."

* * *

Kwenye msiba moto wa gogo ulikuwa unawaka uani tangu jana, na vijana wawili wasiojulikana ni ndugu wa nani walikuwa wameukalia karibu kuliko walivyoukalia wafiwa. Wanaume walikuwa chini ya turubai. Kati yao alikuwapo Anastazi, mfanyabiashara wa Omurushaka, ambaye tangu jana Sperancia alimwekea alama ya swali. Mtu asiye ndugu, amefika kwenye msiba kabla ya ndugu.

"Wewe na marehemu mlikuwa na nini?"

"Biashara, afande."

"Ya kahawa?"

Anastazi alitazama migomba, kisha kaburi lililokuwa tayari ndani ya migomba hiyo. "Ya hapa. Kibanja hiki, shamba na nyumba. Tulielewana wiki iliyopita. Mimi nina sababu gani ya kumuua? Akifa, nabaki na maneno matupu. Ndiyo maana nilikuja mbio."

Ukweli wake ulikuwa mbaya kiasi cha kuaminika. Sperancia akaifuta ile alama ya swali, akaiweka mahali pengine.

"Ndugu zake walijua?"

"Aliniambia atawaambia yeye."

Kibanja cha ukoo. Humo walizikwa baba yake na mama yake, na humo kwenye kijumba cha nyuma aliishi dada yake Placidia, tangu arudishwe na mume asiye na shukrani. Egbert alikuwa amewauza wafu na walio hai kwa mkupuo mmoja.

Alivua viatu tena, akaingia ndani walikokaa wanawake juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni. Akapiga magoti. "Poleni na msiba." Wakaitikia kwa sauti moja ya chini. Akaanza kusogea kwa magoti kutoka kwa huyu hadi kwa yule, akitoa pole, akiinamisha kichwa kuliko desturi inavyodai. Aliyemwona angesema huyu sajenti ana huzuni nyingi. Alikuwa anasoma mapindo.

Kanga ya zambarau ya kwanza ilikuwa mpya, imeshonwa kwa cherehani, hakuna palipoguswa. Sare za akina mama wa parokia, nzima. Placidia alikaa kwenye kona, mwanamke mrefu mkavu, amevaa nyeusi juu mpaka chini. Kwake hapakuwa na uzi wa zambarau hata mmoja.

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu. Mmeshamkamata?"

"Bado kidogo."

"Vijana wamechoka kusubiri," alisema Placidia, akatazama nyasi.

Sperancia alijikuta amekwama. Migombani sauti za majembe zilikuwa zimebadilika. Udongo haukuwa ukitolewa tena, ulikuwa ukirudishwa. Akainuka kwa shida, na hapo ndipo alipomwona Vero, bibi harusi asiye na harusi, amejikunja ukutani. Alikuwa amefunikwa shali ya zambarau yenye matamvua.

Matamvua yalishuka vizuri, mafungu kwa mafungu, mpaka kwenye pembe ya kushoto. Hapo fungu moja lilikuwa jembamba kuliko wenzake, na kwenye ukingo palikuwa na kijia chembamba, pale uzi ulipopita kabla ya kuvutwa.

"Shali nzuri, mdogo wangu."

"Si yangu, dada." Vero alijifuta pua. "Ya shangazi. Alinifunika jana, nilikuwa natetemeka."

Kwenye kona, Placidia hakuinua uso. Lakini mikono yake iliacha kuchezea nyasi.

* * *

Walizungumza nyuma ya jiko, sufuria za ndizi zikitokota kwa ajili ya watu ambao bado walikuwa wanaimba kaburini. Benjamin alisimama pembeni.

"Ulisema Adelgunda hakukupa kidani."

"Nilisema."

"Kiko na uzi wa shali yako."

Placidia hakuuliza uzi gani. "Nilijua atatumwa mwanamke," alisema. "Yule koplo aliutazama akanipa pole."

"Ilikuwaje?"

"Nilikifunga Jumapili, nikampelekea akione. Alikuwa na pombe ya rubisi kichwani. Nikamwambia, kaka, mtoto amefungwa, sasa tupange. Akacheka. Akasema tupangie lodge ya Nkwenda, kwa sababu hapa pana mwenyewe. Nikamuuliza, na kaburi la mama? Akasema mama halipi kodi." Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. "Halafu akalala. Angebishana nami, hata angenipiga, sijui. Lakini alilala. Nami nilikuwa nimeshika kile kitu mkononi."

"Na Adelgunda?"

"Nilidanganya mara moja tu, kwamba hakunipa. Hayo ya simbi kutembea waliyaongeza wenyewe kwenye simu zao."

"Ulijua uzi upo pale. Usiku kucha ulikuwa na nafasi. Mbona hukuukata?"

Kwa mara ya kwanza sura ya Placidia ilivunjika.

"Niukate? Halafu Vero azae na nani?"

Wimbo kaburini ulikatika. Mara zikawaka pikipiki, moja, halafu zote kwa pamoja, na kuni mbili zilizokuwa zikiwaka kwenye moto wa msiba zilikuwa zimechomolewa.

* * *

Benjamin aliendesha kama mtu aliyeiba gari hilo. Hata hivyo pikipiki hupita palipo na mgomba na mgomba, na walipofika kwa Adelgunda vijana walikuwa wameshaizunguka nyumba. Dumu lilikuwa chini, kifuniko wazi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake mlangoni, jiwe mapajani.

Placidia alikuwa kiti cha nyuma, pingu zimefunikwa kwa kanga. Sperancia alimwambia, "Usiteremke, na usiseme neno. Wakijua, moto utageuka tu." Akashuka peke yake.

"Melkiory! Mnachoma kwa niaba ya nani?"

"Ya wafiwa, afande."

"Wafiwa wamewatuma?"

"Hawajatukataza."

Sperancia alisogea mbele ya mkeka. Alikuwa na bastola moja na konstebo mmoja, naye konstebo alikuwa anasali. Melkiory akainua dumu. Nyuma yake, mlango wa gari ukafunguka.

Placidia alitembea katikati yao taratibu, na kwa kuwa ndiye mwenye msiba, walimpisha. Alipofika mkekani aligeuka. Kanga ilikuwa imedondoka njiani. Pingu zilionekana na kila mtu.

"Tueni hilo dumu," alisema. "Kidani nilikuwa nacho mimi."

Hakuna aliyetua kitu. Kuni za msiba zilitoa cheche, zikawa zinaungua mikononi mwa watu waliosahau walichozishikia. Kijana mmoja alicheka kidogo, kisha akatazama wenzake ili aone kama anatakiwa kuendelea. Walikuwa wamekuja kulipiza kisasi cha mama huyu, na sasa mama huyu alikuwa ndiye kisasi chenyewe. Melkiory alitazama petroli, akamtazama Placidia, kisha Adelgunda, na midomo yake ikatembea bila sauti, kama mtu anayeanza upya somo alilolikariri vibaya.

Sperancia alijua kimya cha namna hiyo hakidumu. Alimshika bibi huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, akawavuta wote wawili mpaka garini bila kuangalia nyuma, mgongo wake ukisubiri petroli. Mlango ukafungwa. Benjamin akaondoa gari kabla hajaambiwa.

Walipanda kilima. Nyuma yao moshi haukuwapo bado. Wanawake wawili waliopata kipaimara siku moja walikaa bega kwa bega, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Adelgunda," alisema Placidia hatimaye. "Kile polisi hawatakirudisha. Mtoto utamshonea kingine?"

Adelgunda alifungua kiganja. Ile simbi aliyokuwa akiisugua tangu asubuhi ilikuwamo bado, bapa, imeiva.

"Nitamshonea," alisema. "Safu mbili, kama kile."

Akaigeuza simbi, akaifumba tena mkononi.

"Pengo ndilo sijui atalijaza nani."